Kodi ya mapato Kenya na Tanzania: aliyeajiriwa anakatwa nini, na anayejitegemea analipa nini

Mtu anayeishi Namanga anaweza kunywa chai upande mmoja wa mpaka na kufanya kazi upande wa pili. Ndiyo maana swali hili haliishi: je, mshahara wa Kenya unakatwa kodi zaidi kuliko wa Tanzania? Na kijana anayefanya kazi za kujitegemea, yule anayetafsiri, anayetengeneza tovuti, anayepiga picha au anayeandikia mashirika ripoti, yeye anadaiwa nini, na na nani?

Jibu fupi ni kwamba inategemea unapata kiasi gani na umeajiriwa vipi. Jibu refu ndilo hili hapa. Viwango tunavyovitaja ni vya mwaka 2025. Nchi zote mbili husoma bajeti mwezi Juni na sheria mpya za fedha kwa kawaida huanza kufanya kazi Julai 1, kwa hiyo kila mwaka ukifika mwezi huo tega sikio. Kwa upande wa Tanzania tunazungumzia Bara.

Kwanza, undugu wa sheria hizi

Ukisoma sheria za kodi za nchi hizi mbili utaona zinafanana kama watoto wa baba mmoja, na kweli ni hivyo. Wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, kodi ya mapato ilisimamiwa kwa pamoja. Mwaka 1973 kila nchi ikatunga sheria yake. Kenya bado inatumia ile ya 1973, ingawa imetiwa viraka vingi. Tanzania iliandika nyingine mwaka 2004. Maneno mengi yamebaki yaleyale, hata idadi ya siku zinazomfanya mtu ahesabiwe kuwa mkazi. Tutazirudia siku hizo mbele.

Aliyeajiriwa: fungua karatasi yako ya mshahara

Kwa mfanyakazi wa mshahara, kodi hukatwa na mwajiri kila mwezi kabla pesa haijakufikia. Pande zote mbili watu huiita PAYE. Mwajiri wa Kenya anatakiwa aipeleke KRA ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na wa Tanzania aipeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha.

Kodi haitozwi kiwango kimoja kwa mshahara wote. Hupanda kwa ngazi, na kila ngazi ina asilimia yake. Watu wengi huogopa nyongeza ya mshahara wakidhani "nitaingia kwenye asilimia 30 nipate kidogo kuliko mwanzo". Haiwi hivyo. Asilimia ya juu hugusa zile shilingi zilizozidi ngazi tu. Zilizo chini yake hubaki na kiwango chao.

Kenya, kwa mwezi, ngazi ni hizi. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10. Kuanzia hapo hadi 32,333 ni asilimia 25. Kutoka hapo hadi 500,000 ni asilimia 30, hadi 800,000 ni asilimia 32.5, na inayozidi hapo ni asilimia 35. Ukishapata jumla unaondoa nafuu binafsi ya shilingi 2,400. Kwa kuwa asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400 kamili, mtu ambaye mapato yake ya kutozwa kodi hayazidi 24,000 halipi PAYE hata senti moja.

Tanzania hakuna nafuu ya kuondoa mwishoni. Badala yake ngazi ya kwanza imeachwa bila kodi: shilingi 270,000 za mwanzo kwa mwezi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na kinachozidi milioni moja ni asilimia 30. Hakuna ngazi ya juu ya hapo. Anayepata milioni 2 na anayepata milioni 40 wote shilingi yao ya mwisho hukatwa asilimia 30.

Lakini PAYE siyo makato pekee, na hapa ndipo wengi hulinganisha vibaya.

Kenya kuna NSSF, asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Mwaka 2025, kuanzia Februari, mshahara uliohesabiwa uliishia 72,000, kwa hiyo mchango wako haukuvuka 4,320. Kuna bima ya afya ya jamii, SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024: asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, wala haina kikomo cha juu. Na kuna ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, mwajiri naye akitoa 1.5. Ada hii ilianza 2023, ikapigwa chini mahakamani, ikarudi kwa sheria yake yenyewe Machi 2024.

Habari njema kwa Mkenya ilikuja Desemba 27, 2024. Tangu siku hiyo michango ya SHIF na nyumba, pamoja na ya NSSF, huondolewa kwenye mshahara kabla ya kuhesabu PAYE. Ukiona kwenye karatasi yako PAYE inahesabiwa juu ya mshahara ghafi wote, muulize mhasibu wako, kwa upole lakini uulize.

Tanzania, mfanyakazi wa sekta binafsi hukatwa NSSF, kwa kawaida asilimia 10, na mwajiri huongeza nyingine 10. Mtumishi wa umma yuko PSSSF: yeye asilimia 5, mwajiri 15. Mchango huu nao huondolewa kabla ya kodi. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hukatwa pia asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hiyo si kodi, ni deni, lakini mfukoni maumivu ni yaleyale.

Tupige hesabu

Ili tulinganishe, tutachukua shilingi 1 ya Kenya kuwa sawa na 20 za Tanzania. Kiwango cha kubadilisha fedha hupanda na kushuka kila siku. 20 tumeichagua kwa sababu hesabu inakuwa nyepesi.

Tuanze na mshahara mdogo. Mfanyakazi wa duka Kajiado anapata 20,000 za Kenya. NSSF 1,200, SHIF 550, nyumba 300. Inabaki 17,950, nayo iko chini ya 24,000, hivyo PAYE ni sifuri. Anaenda nyumbani na 17,950.

Mwenzake wa Longido anapata 400,000 za Tanzania, ambazo kwa hesabu yetu ni sawasawa. NSSF 40,000. Inabaki 360,000. Zile 90,000 zilizozidi 270,000 zinatozwa asilimia 8, yaani 7,200. Anaenda nyumbani na 352,800, ambayo ni 17,640 za Kenya. Mkenya ameshinda kidogo, kwa sababu mstari wa kuanza kulipa PAYE uko juu zaidi kwake. Zile 270,000 za Tanzania ni 13,500 tu za Kenya.

Sasa mshahara wa kati. Mwalimu wa shule binafsi Kenya, 50,000. NSSF 3,000, SHIF 1,375, nyumba 750. Inabaki 44,875 ya kutozwa kodi. Ngazi ya kwanza 2,400, ya pili 2,083, ya tatu 3,763. Jumla 8,246, ondoa nafuu ya 2,400, PAYE ni 5,846. Mkononi anabaki na 39,029.

Mwalimu wa Arusha, 1,000,000. NSSF 100,000. Inabaki 900,000. Kodi ya hadi 760,000 ni 68,000, na zile 140,000 za juu asilimia 25 ni 35,000. PAYE ni 103,000. Mkononi 797,000, ambayo ni 39,850 za Kenya. Safari hii Mtanzania yuko mbele kwa takriban shilingi 820 za Kenya.

Ukipanda hadi 100,000 za Kenya dhidi ya milioni 2 za Tanzania, kwa viwango vya 2025 jambo la kuchekesha lilitokea. Mkenya alibaki na 71,618. Mtanzania alibaki na 1,432,000, yaani 71,600. Tofauti ilikuwa shilingi 18 za Kenya.

Kwa hiyo mtu akikuambia barazani kwamba upande fulani wa mpaka "kodi inaua" na upande wa pili ni raha, mwombe alete karatasi ya mshahara. Fedha inayofika mkononi inakaribiana sana. Kinachotofautiana ni hizo zilizokatwa zimeenda wapi. Yule Mwalimu wa Arusha ameweka 100,000 NSSF na mwajiri wake 100,000 nyingine, jumla 200,000 kwa mwezi katika akiba ya uzeeni. Mkenya na mwajiri wake wameweka 6,000, ambazo ni 120,000 za Tanzania. Lakini Mkenya tayari ana bima ya afya ndani ya makato yake. Mtanzania wa sekta binafsi ambaye mwajiri hajamwandikisha kwenye bima yoyote atatoa fedha ya hospitali mfukoni, katika zile 797,000. Ukiweka hilo kwenye mizani, ubora wa zile 820 unayeyuka mara moja mtoto akilazwa.

Tofauti moja kubwa inayowaangusha watu

Mfanyakazi wa Tanzania ambaye mapato yake yote ni mshahara hatakiwi kuwasilisha ritani ya mwaka. Mwajiri akishakata na kupeleka, amemaliza.

Kenya sivyo. Kila mwenye PIN anatakiwa awasilishe ritani kwenye iTax kabla ya Juni 30 kwa mapato ya mwaka uliotangulia, hata kama kodi yote ilishakatwa. Mwajiri hukupa fomu ya P9 inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka mzima, wewe unajaza. Asiye na mapato anawasilisha ritani tupu. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, inayokuwa kubwa kati ya hizo mbili. Vijana wengi huchukua PIN kwa ajili ya mkopo wa HELB au kufungua akaunti, wakaisahau. Miaka mitano ikipita, wanapotafuta kazi na kuombwa cheti cha kutodaiwa kodi, wanakuta faini za 2,000 zimejipanga mstari.

Ritani ya mshahara na ile tupu huweza kuwasilishwa kwa simu. KRA ina programu ya simu na pia *572# kwa simu za kawaida. Huna haja ya kumlipa mtu wa saibakefe 500 kwa jambo la dakika kumi, na zaidi ya hapo huna haja ya kumwachia nywila yako.

Anayejitegemea: makundi mawili yasiyofanana

Hapa mambo yanakuwa marefu kidogo. Nchi zote mbili zina kodi nyepesi kwa biashara ndogo, na nchi zote mbili zimewafungia mlango wa kodi hiyo watu wanaouza ujuzi wao. Tutaanza na wanaouza bidhaa.

Mwenye kioski, muuza mitumba au mwenye duka la pembejeo Kenya analipa kodi ya mauzo, asilimia 3 ya mauzo ghafi, ikiwa mauzo yake kwa mwaka yanazidi milioni 1 lakini hayavuki milioni 25. Hulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukiuza 100,000 kwa mwezi, kodi ni 3,000, uwe umepata faida au umepata hasara. Ambaye hafikishi milioni 1 kwa mwaka hayumo kwenye mpango huu. Yeye anahesabu faida kama watu wengine, na ikiwa faida ya mwaka haivuki 288,000 basi nafuu binafsi inaifuta kodi yote. Ritani bado anatakiwa kuwasilisha.

Tanzania kuna kodi ya makadirio kwa mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka. Mauzo hadi milioni 4, hakuna kodi. Kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000 kwa mwaka. Anayetunza analipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiyetunza analipa 250,000. Anayetunza analipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kuendelea juu, kiwango cha juu kabisa katika mpango huu ni asilimia 3.5.

Angalia daftari lina thamani gani. Mama mwenye mauzo ya milioni 9 kwa mwaka, bila kumbukumbu analipa 250,000. Akiwa na kumbukumbu: 90,000 na asilimia 3 ya milioni 2, ambayo ni 60,000, jumla 150,000. Daftari la shilingi elfu mbili na kalamu limemwokolea laki moja. Tungependa maofisa wa kodi walisema jambo hili sokoni mara nyingi kama wanavyosema habari za faini.

Sasa wauza ujuzi

Mtafsiri, mhasibu wa kujitegemea, fundi wa mitandao, mshauri wa kilimo, mkufunzi wa semina. Kenya, ada za kitaalamu, za usimamizi na za mafunzo haziingii kwenye ile asilimia 3. Tanzania, huduma za kitaalamu, kiufundi, usimamizi, ujenzi na mafunzo haziingii kwenye kodi ya makadirio. Watu hawa hulipa kwa ngazi zilezile za mwajiriwa, zikiwa zimezidishwa kwa miezi 12, juu ya faida, yaani mapato ukiondoa gharama za kazi.

Kabla ya kufika huko, kuna kodi ya zuio. Kampuni au shirika linapokulipa, linabakiza asilimia 5 na kuipeleka serikalini kwa jina lako. Asilimia ni ileile Kenya na Tanzania. Kenya huanza malipo ya mwezi yanapofika 24,000. Watengeneza maudhui wa mitandaoni nao wameingizwa: Kenya tangu Julai 2023, Tanzania tangu Julai 2024, wote kwa asilimia 5.

Kosa ambalo limewagharimu wengi ni kudhani hiyo 5 ndiyo kodi yenyewe. Hiyo ni malipo ya awali tu. Mwisho wa mwaka unahesabu kodi kamili kwa ngazi, unaondoa kilichozuiwa, unalipa kilichobaki.

Tuseme dada mmoja Machakos anatengeneza mabango na vitabu vya mashirika. Kwa mwaka analipwa 600,000. Gharama zake, intaneti, umeme, programu za kompyuta, usafiri, ni 120,000. Faida 480,000. Kodi: 288,000 za kwanza asilimia 10 ni 28,800, 100,000 zinazofuata asilimia 25 ni 25,000, 92,000 zilizobaki asilimia 30 ni 27,600. Jumla 81,400, ondoa nafuu ya mwaka 28,800, inabaki 52,600. Wateja walishazuia asilimia 5 ya 600,000, yaani 30,000. Anadaiwa 22,600.

Lakini ikiwa hana risiti? Tangu Januari 2024 KRA haikubali gharama isiyo na ankara ya eTIMS, isipokuwa zile chache zilizosamehewa kisheria. Akikosa ankara zote, kodi inahesabiwa juu ya 600,000 nzima: 88,600. Ondoa 30,000, anadaiwa 58,600. Makaratasi yaliyokosekana yamemgharimu 36,000. Ndiyo sababu unapolipia gharama ya kazi, taja PIN yako na usubiri ankara, hata kama muuzaji anakunja uso. Wewe mwenyewe unapomwandikia mteja ankara, eTIMS inapatikana kwa simu ya kawaida kupitia *222#.

Kaka wa Moshi anayefanya kazi ileile kwa milioni 12 kwa mwaka, na gharama za milioni 2.4, ana faida ya 9,600,000. Kodi ya hadi 9,120,000 ni 816,000, na zile 480,000 za juu kwa asilimia 25 ni 120,000. Jumla 936,000. Zuio lilikuwa 600,000. Anadaiwa 336,000, sawa na 16,800 za Kenya. Naye akikosa risiti za EFD, kodi inapanda hadi 1,536,000, na deni linakuwa 936,000.

Deni hili halisubiri mwisho wa mwaka kila mara. Tanzania, anayejitegemea anapeleka makadirio ya mapato ya mwaka kabla ya Machi 31, kisha analipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwisho ni ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kuisha. TRA hukupa kumbukumbu namba ya malipo, ile wengi wanaiita kontroo namba, na unalipa kwa simu. Kenya, kama kodi ya mwaka inazidi 40,000, awamu ni tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba.

Na michango? Anayejitegemea Tanzania halazimiki kuchangia NSSF ingawa anaweza kujiunga kwa hiari. Kenya anatakiwa kulipa SHIF kwa mwaka mzima kwa mkupuo, kulingana na tathmini ya uwezo wa kaya, isiyopungua 300 kwa mwezi. Usajili na tathmini hiyo vinafanyika kwa *147#. Sheria ya nyumba ya 2024 nayo inamtaja asiye na mwajiri: asilimia 1.5 ya mapato ghafi. Hili wengi hawalijui kwa sababu hakuna mwajiri wa kulikata.

Ukiandikiwa mkataba wa "mshauri" na kazi ni ya kuajiriwa

Tunaomba usome sehemu hii mara mbili. Siku hizi baadhi ya waajiri wanampa kijana kazi ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ana meza, ana bosi, anaomba ruhusa ya kwenda msibani, lakini mkataba unasema yeye ni mshauri wa kujitegemea. Wanamkata asilimia 5 tu. Mwezi wa kwanza anafurahi: katika 50,000 anapata 47,500, wakati mwajiriwa mwenzake anapata 39,029.

Furaha hiyo ni ya mkopo. Hana gharama za kuondoa, maana kompyuta na umeme ni vya ofisi. Kodi ya mwaka ni 88,600, zuio lilikuwa 30,000, anadaiwa 58,600. Mwajiri hakumwongezea NSSF ya 3,000 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 36,000. SHIF na ada ya nyumba ni juu yake. Hana likizo ya malipo. Upande wa Tanzania, kijana wa milioni moja kwa mwezi katika hali hiyo anakuta deni la 936,000, na amekosa mchango wa mwajiri wa 1,200,000 kwa mwaka.

Anayenufaika ni mwajiri. Sheria za nchi zote mbili hutazama kazi inavyofanyika kweli, siyo kichwa cha mkataba peke yake, kwa hiyo ofisa wa kazi au wa kodi anaweza kuuona mkataba huo kuwa wa ajira. Ukipewa mkataba wa namna hii na huna njia ya kuukataa, basi angalau dai malipo yanayofidia tofauti, na kila mwezi tenga kando kiasi cha asilimia 10 hivi ya malipo kwa ajili ya kodi. Kwa mfano wetu wa 50,000, deni la mwaka likigawanywa kwa 12 ni 4,883 kwa mwezi.

Unapovuka mpaka

Pande zote mbili, ukikaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka, wewe ni mkazi kwa macho ya kodi. Pia unahesabiwa mkazi ikiwa kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia umekaa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Anayelala Taveta na kufanya biashara Holili anaweza, akihesabu vibaya, kujikuta mkazi wa nchi zote mbili.

Mtanzania akifanya kazi ya ushauri kwa kampuni ya Kenya akiwa si mkazi wa Kenya, anazuiwa asilimia 15, kiwango kilichowekwa kwa raia wa Afrika Mashariki. Wageni wengine hukatwa 20. Mkenya akifanyia kampuni ya Tanzania kazi akiwa si mkazi huko, naye huzuiwa 15. Hiyo ni mara tatu ya wanachokatwa wenyeji, tena inakatwa kwenye malipo yote, siyo kwenye faida.

Kisha nchi yako nayo inadai. Tanzania humtoza mkazi wake mapato ya kutoka popote, lakini humpunguzia kodi aliyokwisha kulipa nje, bila kuvuka kiasi ambacho Tanzania ingetoza juu ya mapato hayohayo. Kwa Kenya, kupunguziwa huko kwa mtu wa biashara kunategemea zaidi kuwepo kwa mkataba kati ya nchi. Nchi za Jumuiya zilitia saini mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili Novemba 2010. Haujaanza kufanya kazi, kwa sababu unahitaji kuridhiwa na nchi zote zilizousaini. Miaka imepita, na mpiga picha wa Sirari anayefanya harusi na semina za ng'ambo ya pili, Isebania, ndiye anayelipa gharama ya kusubiri huko.

Kwa hiyo kabla ya kukubali bei ya kazi ya ng'ambo, uliza: hii ni kabla au baada ya zuio? Ukisahau, kazi ya 100,000 inakufikia 85,000. Na dai cheti cha zuio kila unapolipwa. Kenya, cheti hutoka kwenye iTax na hutumwa kwa baruapepe iliyounganishwa na PIN yako, na mlipaji anatakiwa kupeleka fedha hiyo ndani ya siku 5 za kazi. Tanzania, aliyezuia anatakiwa kuipeleka ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha na kukupa cheti chako. Bila karatasi hiyo, ile 5 au 15 uliyokatwa ni kama hukuwahi kuilipa. Usisubiri Juni kuitafuta, maana mhasibu wa mradi ulioisha Februari huenda ameshahama, na namba yake ya simu haipatikani.